Picha za Vioo Zilizopigwa Nchini Mwetu Zamani za Wajerumani

Halmashauri ya Chama chetu Kikuu ilipoamua kutoa kijitabu hiki cha kukumbuka miaka kumi ya kazi, ilikubaliwa kwamba pamoja na hesabu za mazao na taarifa za vyama vya msingi iwemo makala moja ya historia. Kazi hiyo nimekabidhiwa mimi. Ningaliweza kuandika historia ya ushirika wenyewe, lakini habari hiyo wanachama wengi waijua: jinsi wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walivyounda chama chao mwaka 1925, jinsi sheria ya vyama vya ushirika ilivyotungwa Tanganyika mwaka 1932 na KNCU ikaandikishwa mwaka 1933, jinsi vyama vikuu vilivyovunjwa na Serikali mwaka 1976 na kurudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Nimeona heri niandike juu ya jambo lililo karibu zaidi na milango yetu hapa Unyambwa na Singida yote, nalo ni zile picha zilizopigwa katika nchi hii na nchi jirani zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Hizo hazikupigwa juu ya filamu wala karatasi, bali juu ya vioo.

Kwanza yafaa nieleze kioo cha picha ni kitu gani, maana vijana wetu hupiga picha kwa simu ya mkononi na kuifuta kabla haijapoa. Mwaka 1851 Mwingereza mmoja, Frederick Scott Archer, alitangaza njia ya kupaka kioo dawa ya majimaji na kukitia ndani ya kamera. Njia hiyo ilikuwa nzuri, ila ilikuwa na taabu moja kubwa: mpiga picha alilazimika kupaka kioo, kupiga picha na kuisafisha kabla dawa haijakauka, kwa hiyo alitembea na hema la giza na machupa yake kila aendako. Mtu wa namna hiyo asingefika mbali katika nchi ya miiba. Ndipo mwaka 1871 daktari mmoja Mwingereza, Richard Leach Maddox, alipoonyesha kwamba dawa yenye fedha yaweza kuchanganywa na jelatini, ikapakwa kiooni na kuachwa ikauke. Kioo kikavu kiliweza kununuliwa dukani Ulaya, kikafungwa ndani ya sanduku, kikasafiri miezi mingi, kikapigiwa picha leo na kusafishwa mwezi ujao.

Sisi wafugaji yatupasa kutambua kitu kimoja hapo. Jelatini hutengenezwa kwa ngozi na mifupa ya mifugo, ng'ombe akiwa miongoni mwao. Kwa hiyo katika kila picha ya zamani, hata iliyopigwa na bwana mkubwa wa Ulaya, mna kipande cha ng'ombe wa mtu fulani.

Kioo kikishasafishwa kwa dawa huonyesha mambo kinyume. Palipokuwa na mwanga pamekuwa peusi, na palipokuwa na kivuli pamekuwa peupe. Uso wa mtu hung'aa kama taa na mbingu huwa kama masizi. Hiyo ndiyo iitwayo negativu. Kioo hicho kikiwekwa juu ya karatasi yenye dawa na kupitishwa mwanga, karatasi hugeuza tena, na picha ya kweli ikatokea. Kutoka katika kioo kimoja zaweza kutolewa karatasi kumi au elfu, na kioo kikabaki kama kilivyo. Tena hupasa kukiweka upande wake. Kikigeuzwa, kulia huwa kushoto, na watu wote katika picha wakaonekana wana mashoto. Mtu akiona picha ya zamani ambayo ndani yake kila mwanamume ameshika mkuki kwa mkono wa kushoto, asishangae sana juu ya kabila hilo. Aanze kwa kumshuku aliyeichapa.

Vioo vilikuwa vizito. Kioo cha sentimeta 13 kwa 18, kipimo kilichotumiwa sana na Wajerumani, kikiwa na unene wa milimeta moja na nusu, chakaribia gramu 90. Kumi na viwili ni kilo moja na zaidi kidogo. Mpagazi wa siku zile alipewa mzigo wa kilo 25 hadi 30, basi ukitoa uzito wa sanduku na makaratasi ya kufungia, mtu mmoja alibeba kichwani vioo mia mbili na kitu. Akijikwaa, picha mia mbili zimekwisha. Reli ya kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907, Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Lakini Singida ilikuwa mbali na njia hiyo, upande wa kaskazini, na kila kioo kilichopigiwa picha huku kilikuja kwa kichwa cha mtu na kuondoka kwa kichwa cha mtu. Katika picha nyingi za safari za siku zile twamwona mpagazi huyo, akiwa mmoja katika mstari mrefu. Jina lake silo lililoandikwa chini ya picha. Lililoandikwa ni la bwana wa kamera.

Joto nalo lilikuwa adui. Maji yakiwa ya moto mno, jelatini hulegea na kuteleza kutoka kiooni kama utando wa maziwa. Ndiyo maana wapiga picha wa nchi za joto walipenda kusafisha vioo usiku, maji yakiisha kupoa. Tena walihitaji maji mengi yaliyo safi kwa kuosha dawa, jambo ambalo mwenyeji wa mji uliokaa kati ya maziwa mawili ya chumvi, Singidani na Kindai, ataelewa bila kuelezwa.

Sasa ni nani waliopiga picha hizo? Aliyejulikana sana katika koloni lote ni Walther Dobbertin, aliyezaliwa mwaka 1882 na kufa mwaka 1961. Yeye alikuwa mpiga picha kwa kazi yake, mwenye duka la picha Dar es Salaam kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Alipiga picha za miji, masoko, reli, mashamba, askari, na watu wa kila namna. Picha zake nyingi zimehifadhiwa katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa la Ujerumani, huko Koblenz. Mwezi wa Desemba mwaka 2008 hifadhi hiyo ilitoa picha zipatazo 80,000 kwa watu wote kuzitazama katika intaneti, na za Dobbertin zilikuwa miongoni mwake. Liko pia kusanyo la Chama cha Kikoloni cha Ujerumani, kilichoanzishwa mwaka 1887 na kuvunjwa mwaka 1936. Kusanyo hilo lina picha zipatazo 55,000, nyingi zikiwa za vioo, nalo liko katika maktaba ya chuo kikuu cha Frankfurt. Hilo nalo laweza kutazamwa na mtu yeyote mwenye simu na kifurushi. Nasema haya kwa sababu wanachama wengine hudhani vitu hivyo vimefungwa nyuma ya milango ya chuma. Ngozi ya ng'ombe wako ilikwenda Ulaya haikurudi, lakini picha ya babu yako yaweza kuja Unyambwa leo jioni.

Kwa upande wa nchi yetu hasa, jina la kukumbuka ni Erich Obst. Chama cha Jiografia cha Hamburg kilimtuma kufanya safari ya uchunguzi kati ya mwaka 1910 na 1912 katika zile nchi ambazo mito yake haifiki baharini, yaani Unyaturu, Iramba, Isanzu na majirani zake hadi kwa Wahadza wa upande wa Eyasi. Vitu alivyokusanya vilipelekwa katika makumbusho ya Hamburg, ambayo tangu mwaka 2018 yamebadilishwa jina. Mwaka 1914 Otto Reche wa makumbusho hayo alitoa kitabu kikubwa juu ya vitu hivyo, chenye michoro na picha: nyumba, vyombo, silaha, mapambo, na watu. Mwaka 1915 jarida la Baessler-Archiv la Berlin likachapa maelezo ya afisa wa Kijerumani, Eberhard von Sick, juu ya Wanyaturu. Kwa hiyo katika muda wa miaka mitano mambo ya nchi hii, ambayo wazee wetu waliyajua bila kuyaandika, yaliandikwa na kuchapwa kwa lugha ambayo hapana hata mmoja wao aliyeweza kuisoma.

Sipendi kumsifu mtu kupita kiasi, wala kumlaumu aliyekwisha kufa kwa sababu tu alikuwa Mjerumani. Bila watu hao tusingekuwa na sura ya maisha ya wakati ule. Walakini hapana budi kusema walikuwa wakitafuta nini. Hawakuja kumpiga picha fulani bin fulani. Walikuja kupiga picha ya "Mnyaturu", ya "mwanamke atwangaye", ya "shujaa", ya "nyumba ya wenyeji". Mtu mmoja aliwekwa mbele ya kioo awe mfano wa wote, kama vile karani wa mizani atoapo punje chache katika gunia kupima ubora wa gunia zima. Punje haina haja ya jina. Reche mwenyewe baadaye akawa profesa Leipzig, na mmoja wa wataalamu walioitumikia serikali ya Kinazi kwa elimu ile ya kugawa wanadamu kwa mbari. Hatuwezi kusema kwamba kila kioo kilichopigwa Afrika kiliongoza huko, lakini twaweza kusema kwamba desturi ya kuutazama uso wa mtu bila kumuuliza jina haikuwa jambo dogo.

Tofauti yake iko wazi tukitazama pwani. Unguja, tangu nusu ya pili ya karne ya kumi na tisa, palikuwa na maduka ya picha, mojawapo likiwa la A. C. Gomes, mtu wa asili ya Goa. Mtu aliyekwenda dukani kwa miguu yake, amevaa kanzu yake nzuri au amejifunga leso mpya, akalipa kwa fedha yake, huyo alijua anachotaka: alitaka yeye mwenyewe aonekane, na jamaa zake wamjue. Huku bara, katika miaka ya Obst, aliyelipia kioo alikuwa mwingine, na aliyesimama mbele yake alisimama kwa kuitwa.

Mwaka jana, baada ya mkutano wa chama cha msingi hapa Unyambwa, nilitandaza juu ya meza ya ghala picha kadhaa za nchi za katikati zilizotokana na makusanyo hayo, baada ya kuzichapa katika karatasi kubwa. Nilidhani wazee watazitazama kwa dakika chache kisha wataondoka kwenda zao. Walikaa hadi jua kuchwa, na yaliyosemwa siku hiyo ndiyo yaliyonifanya niandike makala hii.

Picha moja ilionyesha wanawake watatu kwenye kinu. Maneno ya Kijerumani chini yake yalisema tu kwamba ni wanawake wanaotwanga. Mama mmoja, mwenye umri unaozidi miaka 80, aliinama juu yake kwa muda, kisha akacheka. "Hawa hawatwangi, mwanangu," akasema. "Wamesimamishwa." Tukamuuliza ajuaje. Akasema, huyu wa kulia ameshika mchi kama mtu anayeshika fimbo ya kuchungia. Mikono iko karibu mno, angeupiga hivyo mara tatu angechoka. Na tazameni chini: hapana pumba. Mahali palipotwangwa uwele hapawezi kuwa safi namna hiyo. Huyu wa tatu mwenye ungo, ungo wake ni mtupu. Basi picha ambayo kwa miaka mia moja imekaa Ulaya kama ushahidi wa jinsi wanawake wetu walivyotwanga ilikuwa ni ushahidi wa jinsi walivyotii amri ya kusimama kimya. Sijui profesa yupi angeweza kuliona hilo. Ilihitajika mtu aliyetwanga.

Picha nyingine ilionyesha tembe, na mbele yake vilindo vya nafaka. Hapo wanaume wakabishana karibu saa nzima. Mmoja alisema imepigwa wakati wa mavuno, kwa kuwa vilindo viko nje. Mwenzake alikataa, akaonyesha majani yaliyoota juu ya dari la udongo: majani hayo huota mvua ikinyesha na hukauka upesi, basi picha ni ya masika, na vilindo vimetolewa nje kwa kuwa dari linavuja na mwenye nyumba anataka kulikandika upya. Wa tatu akauliza mbona hakuna ng'ombe hata mmoja. Akajibiwa: mchana ng'ombe wako machungani, na mzungu hapigi picha usiku. Wote wakacheka, lakini neno hilo ni la kweli. Picha nyingi za siku zile zilipigwa nje, mchana, penye jua, maana ndani ya tembe ni giza na vioo vilihitaji mwanga. Maisha ya jioni, moto, hadithi, mgonjwa kulala, ng'ombe kulala ndani pamoja na watu, hayakuingia kiooni. Mtu akitazama makusanyo hayo bila mwenyeji karibu naye atadhani watu wa zamani walikuwa wakiishi uani siku zote.

Rangi nayo yahitaji mwenyeji. Vioo vingi vya zamani vilikuwa vipofu kwa rangi nyekundu: kitu chekundu kilitokea cheusi, na cha buluu kilielekea weupe. Shanga nyekundu shingoni mwa msichana zinaonekana kama shanga nyeusi. Mwili uliopakwa udongo mwekundu na mafuta unaonekana mweusi kuliko ulivyokuwa. Mwandishi aliye mbali akihesabu rangi za mapambo kwa kutazama picha tu atakosea. Ajuza aliyevaa shanga za bibi yake hatakosea.

Na yako mawe. Kila aliyefika Singida ajua miamba yetu, ile mikubwa iliyobebana kana kwamba imewekwa na mtu. Tembe hubomoka katika miaka michache, mti hukatwa, ziwa hupanda na kushuka, lakini mwamba wa mwaka 1911 uko palepale ulipokuwa. Picha iliyoandikwa kwa Kijerumani "mahali fulani Unyaturu" yaweza kujulikana kijiji chake kamili ikiwa nyuma ya watu pana mwamba mmoja wenye umbo la kutambulika, na ikiwa anayetazama alichunga mbuzi chini ya mwamba huo utotoni. Kujua mahali ni nusu ya kujua watu, kwa sababu kila mahali pana ukoo wake, na kila ukoo una wazee wake.

Hapo ndipo hesabu inapotukabili, na hesabu hii haina uzuri. Chukua mtoto wa miaka 8 aliyesimama pembeni mwa picha mwaka 1911. Alizaliwa mwaka 1903. Vita vilipofika nchi za katikati mwaka 1916 alikuwa na miaka 13. Mafua makubwa ya mwaka 1918 yalimkuta na miaka 15, na wengi wa rika lake hawakupita hapo. Tuseme huyu alipita. Tuseme aliishi hadi miaka 80, akafa mwaka 1983. Mjukuu wake aliyezaliwa mwaka 1950 alimwona kwa miaka 33, anaijua sura yake, anajua jinsi alivyosimama, labda anajua kovu lililokuwa juu ya jicho lake la kushoto. Mjukuu huyo sasa amepita miaka 70. Ni yeye tu, na wachache wa rika lake, wawezao kutazama uso wa mtoto katika picha na kusema, "Huyu ni babu." Wanangu hawataweza. Kama picha hizi zingaliletwa Singida mwaka 1963, mkoa ulipoanzishwa, mtoto yule mwenyewe, akiwa mzee wa miaka 60, angaliweza kujitambua na kutaja jina la kila aliyesimama karibu naye. Hazikuletwa.

Wako wanaosema kwamba sisi watu wa mdomo hatuna haja ya picha. Wananitajia Liti Kidanka, yule mwanamke wa Kinyaturu ambaye husimuliwa kwamba alipigana na Wajerumani mwanzoni mwa karne ya ishirini kwa kutuma makundi ya nyuki. Jina lake limehifadhiwa bila kioo. Leo uwanja wa mpira wa mjini Singida, uliojulikana kwa miaka mingi kwa jina la Namfua, unaitwa kwa jina lake. Hoja hiyo naiheshimu. Lakini mdomo humkumbuka shujaa. Haumkumbuki mwanamke wa tatu mwenye ungo mtupu, wala mpagazi wa kumi na nne katika mstari, wala mtoto aliyesogea wakati kamera ikifunguka na uso wake ukatoka kama ukungu. Liti tunalo jina lake na masimulizi yake. Hawa tunazo sura zao, na majina yamo vichwani mwa wazee wasiozidi wachache katika kila kijiji. Kwa mtu wa kawaida, ambaye hakuua askari wala hakujenga boma, kioo ndicho kilichompa nafasi ya kuonekana, na nafasi hiyo itakuwa nusu tu mpaka ajulikane ni nani.

Chama cha ushirika kinahusikaje na habari hii? Naona kinahusika kuliko ofisi nyingine. Kazi yetu ya kila siku ni majina. Gunia la alizeti likifika ghalani halipokelewi kwa kusema "gunia la mkulima". Huandikwa jina la mwenye gunia, kijiji chake, uzito wake, na saini au alama ya kidole gumba. Mwanachama akifa, twatafuta jina la mrithi. Mkutano usio na orodha ya waliohudhuria si mkutano. Sisi twajua, kwa taabu ya malipo yaliyochelewa, jinsi mtu anavyodhulumiwa jina lake linapokosekana katika daftari. Na katika kijitabu hiki hiki msomaji ataona chini ya kila picha ya bodi na ya watumishi maneno yale ya desturi: waliokaa, kutoka kushoto, waliosimama, kutoka kushoto. Wengine huyaona maneno hayo kuwa mapambo. Mimi nilipokuwa nikiyapanga nilirudisha picha mbili kwa vyama vya msingi kwa sababu zilisema "pamoja na wanachama wengine", na vyama hivyo vikaleta majina 31.

Halmashauri imekubali mambo mawili. La kwanza, picha zilizotandazwa mwaka jana, pamoja na nyingine zitakazochapwa, zitazungushwa katika maghala ya vyama vya msingi, kila ghala mwezi mmoja, ili wazee wazitazame kwa nafasi. Yatakayosemwa yataandikwa kama yalivyosemwa, pamoja na jina la aliyesema. Wawili wakipingana, yataandikwa ya wote wawili. Kisha nakala itapelekwa kwa wenye makusanyo kule Ujerumani, wayaweke karibu na picha zinazohusika. La pili, wanachama wenye picha za zamani nyumbani, za karatasi au za kioo, wanaombwa wazilete zinakiliwe na kurudishwa siku ile ile.

Kwa wale watakaokuta kioo cha picha katika sanduku la marehemu, au mahali palipokuwa na duka la picha au misheni, haya ndiyo ya kuzingatia. Usikioshe, hata kikiwa na vumbi, wala usikisugue kwa kitambaa. Upande mmoja ndio wenye picha, nao huchubuka na maji huuharibu. Kishike kingoni kwa mikono miwili. Kifunge peke yake katika karatasi nyeupe, si gazeti, kisha kisimamishe kwa upande wake mrefu ndani ya boksi. Usivilaze vioo kimoja juu ya kingine, maana cha chini hupasuka. Kiwekwe mbali na jiko, na mbali na mende, ambao hupenda jelatini. Kioo kilichovunjika kisitupwe: vipande vyake vyaweza kupangwa na kunakiliwa. Picha ya karatasi iandikwe nyuma kwa penseli laini, si kalamu ya wino, karibu na ukingo: nani, wapi, mwaka gani, na nani aliyesema hivyo.

Karani wa ghala la Unyambwa amekwisha kupewa daftari na penseli. Picha zitakuwa mezani kwake kuanzia Jumatatu ya kwanza baada ya sherehe, saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni, na mzee asiyeweza kutembea atafuatwa nyumbani.